Mdomo wa Kiluwiluwi

Masharubu mawili ni chura, manane ni samaki. Mfugaji wa kambare huko Kwanza akishika hesabu hiyo peke yake, atajiepusha na hasara ambayo huja imevaa sura ya baraka. Mvua za Aprili zikishapiga wiki mbili tatu, bwawa lililokuwa kimya hujaa vijinyama vyenye kichwa kipana, mwili angavu unaoonyesha mpaka moyo ukidunda, na sharubu moja ndefu kila upande wa mdomo. Huelea kwa makundi, vichwa vikielekea chini, ncha za mikia zikitetemeka bila kupumzika. Mwenye bwawa akiwaona hufurahi: kambare wamezaa. Huwatupia pumba, huwafukuzia ndege. Siku zinapita, na samaki wake wanaota miguu.

Hao ni viluwiluwi wa chura wa kucha, ambaye wanasayansi humwita Xenopus. Kambare, au mumi kama wasemavyo wengi magharibi mwa Kenya, ana jozi nne za masharubu. Kiluwiluwi huyu ana jozi moja. Tena kambare hazai ovyo bwawani. Vifaranga wake mara nyingi hutoka kwenye kitotoleshi, kwa hiyo uzazi wa ghafla usiogharimu kitu ulipaswa kutiliwa shaka tangu mwanzo. Hasara yenyewe huja baadaye. Chura wa kucha akikomaa hana ulimi, ana kucha tatu nyeusi kwenye kila mguu wa nyuma, na huishi majini maisha yake yote akila chochote kinachoingia mdomoni, vifaranga vya samaki vikiwa mbele. Ndiyo maana mabwawa ya kulelea vifaranga huzungushiwa ukuta mfupi wa mabati au neti: si wezi wanaozuiwa, ni vyura. Serikali ilipoanza kuchimba mabwawa mwaka 2009 katika mpango wa kuchochea uchumi, 200 katika kila moja ya maeneobunge 140 yaliyochaguliwa, vyura hawakungoja kualikwa kwenye ufunguzi.

Nimeanza na bwawa kwa sababu hapo ndipo kutomjua kiluwiluwi kunapogusa mfuko. Lakini tatizo letu ni la zamani kuliko ufugaji wa samaki. Kila mtoto aliyepita shule ya msingi ameuchora ule mduara: mayai, kiluwiluwi, kiluwiluwi mwenye miguu miwili, mwenye miguu minne, chura, kisha mayai tena. Mchoro si wa uongo, ila umetuharibia macho. Umetufundisha kwamba viluwiluwi wote ni sawa, nukta nyeusi yenye mkia, na kwamba hawana lao isipokuwa kungoja kuwa kitu kingine. Kiluwiluwi ni mnyama kamili. Ana mdomo ambao mzazi wake hana, utumbo ambao mzazi wake hana, njia ya kupumua ambayo mzazi wake ameiacha. Na kila jamii ya vyura imemjenga wa kwake.

Kwanza ni mahali pazuri pa kujionea. Eneo hili la kaskazini mwa Kitale limekaa kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, karibu na mgawanyiko wa maji: mito mingine huingia Nzoia, ikapita Webuye hadi Ziwa Victoria, Suam hushuka upande wa pili, ikawa Turkwel, ikaishia Ziwa Turkana. Kuna vijito baridi vya mlimani, kuna vinamasi vya matete, kuna mitaro ya mashamba ya mahindi na mashimo ya kando ya barabara yaliyobaki wazi baada ya changarawe kuchotwa. Kila aina ya maji ina viluwiluwi wake. Anayetaka kuwatambua ahitaji beseni jeupe, kijiko na kioo cha kukuza mara kumi. Ahitaji pia kumgeuza mnyama, maana mgongo wa kiluwiluwi haumwambii mtu mengi. Habari iko upande wa tumbo, na zaidi mdomoni.

Chukua viluwiluwi weusi wanaojazana kwenye dimbwi la barabarani, wadogo, wanaotembea kwa kundi zito. Hao ni wa chura wa nchi kavu mwenye ngozi ya chunjua, jamii ya Sclerophrys, anayetaga mayai yake kwa nyuzi ndefu zilizojiviringisha kwenye majani. Chini ya kioo, mdomo wake una taya mbili nyeusi zilizopinda mithili ya mdomo wa kasuku, na kuzizunguka kuna safu za vijino vidogo mno: mbili juu ya taya, tatu chini yake. Wataalamu huandika 2/3 na kumaliza maneno. Vijino hivyo si mifupa. Ni keratini, kitu kile kile kilichotengeneza kucha zetu, na kila kimoja kikilika kingine hupanda kutoka chini yake. Kazi ya safu ni kushika jiwe au jani na kulikwangua. Taya hukata kilichokwanguliwa. Pembezoni mwa mdomo kuna vipele laini vya kuonja na kupapasa. Kwa jamii hii vipele hukaa pembeni tu, vikiacha nafasi tupu juu na chini, na hiyo nayo ni alama.

Sasa nenda kwenye matete. Saiwa, kinamasi kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa vinamasini, ni hifadhi ndogo kuliko zote za taifa nchini, kilomita 3 za mraba hivi, na usiku wa mvua hulia kwa sauti kali ya chura wa matete, Hyperolius viridiflavus. Kiluwiluwi wake huwa na safu moja tu juu na tatu chini. Panda kwenye vijito vya Elgon, ambako jamii ya Amietia huzaa kwenye maji baridi yaendayo kasi, na safu za juu hufika nne. Sababu si ya kutafuta mbali: anayekula kwenye mkondo sharti ajishikilie, na mdomo ndio mkono wake. Huko Amerika ya Kusini, kwenye mito ya Andes, viluwiluwi wa Atelopus wameona hata hilo halitoshi, wakaota bakuli zima la kunyonyea tumboni, nyuma ya mdomo, ili maporomoko yasiwachukue.

Baada ya mdomo, tafuta tundu la kutolea maji. Kiluwiluwi huvuta maji kwa mdomo na pua, huyapitisha kwenye matamvua yaliyofichwa ndani ya mfuko wa ngozi, kisha huyatoa nje. Karibu wote huyatoa kwa tundu moja lililo ubavu wa kushoto. Mbona kushoto na si kulia? Mwili wa mnyama una mapendeleo yake. Xenopus lakini hufuata sheria nyingine: ana matundu mawili, kulia na kushoto, na hana kijino hata kimoja wala taya ya keratini. Yeye hakwangui kitu. Huyachuja maji, akinasa viumbe vya kijani visivyoonekana kwa macho, ndiyo sababu bwawa lililogeuka kijani kwa mbolea ya ng'ombe humfaa kuliko kijito safi.

Mwanamke mmoja Mmarekani, Grace Orton, ndiye aliyeona kwamba tundu na mdomo vikisomwa pamoja vinaweza kupanga vyura wa dunia nzima. Katika makala alizochapisha mwaka 1953 na 1957 aliwagawa viluwiluwi kwa makundi manne. Kundi la kwanza, matundu mawili bila keratini mdomoni: Xenopus na ndugu zake. La pili, tundu moja katikati ya tumbo, bila keratini: jamii ya Microhylidae, ambayo Kenya inawakilishwa na Phrynomantis bifasciatus, chura mweusi mwenye michirizi myekundu wa upande wa mashariki na pwani. La tatu, tundu katikati na keratini ipo. Hao hatuna Afrika Mashariki. La nne, tundu kushoto na keratini ipo, yaani karibu kila kiluwiluwi mwingine utakayemchota.

Mpango wa Orton ni mzuri kwa sababu unafanya kazi ukiwa umepiga magoti matopeni. Kama ukoo, haukusimama wote. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba kundi la kwanza na la pili, waliofanana kwa kukosa meno, si ndugu wa karibu. Kuchuja maji kulizuka zaidi ya mara moja, na mdomo ukarahisishwa kila mara. Tena kuna Lepidobatrachus wa nyika za Chaco, kule Argentina na Paraguay. Kiluwiluwi wake ana matundu mawili kama Xenopus, lakini wazazi wake ni wa tawi lingine kabisa. Ana mdomo mpana kama kichwa chenyewe na humeza viluwiluwi wenzake wazimawazima.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo kundi la kwanza lilisema kweli, na ndilo linalounganisha bwawa la Kwanza na Amazon. Jamii ya Xenopus, Pipidae, asili yake ni mabara mawili tu: Afrika kusini ya Sahara na Amerika ya Kusini. Upande wa pili wa Atlantiki wanaitwa Pipa. Mashuhuri wao ni Pipa pipa, chura bapa anayebeba mayai yaliyozama kwenye ngozi ya mgongo wa mama mpaka watoto watoke wakiwa vyura kamili. Lakini ndugu zake kadhaa huachilia viluwiluwi kutoka mgongoni, nao wana matundu mawili, hawana keratini, na huchuja maji, ila hawana masharubu. Bahari ya chumvi humuua chura. Maelezo yanayokubalika ni kwamba hakuvuka: mabara yalikuwa moja, yakaachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, kila upande ukaondoka na vyura wake. Visukuku vya jamii hii vimechimbwa pande zote mbili.

Amerika ya Kusini ndilo bara lenye vyura wengi kuliko yote. Brazil peke yake ina zaidi ya spishi 1,000 za amfibia, Kenya ina kama sehemu ya kumi ya hizo. Ndiko pia alikotoka kiluwiluwi aliyewapiga chenga wasomi wa Ulaya kwa miaka mingi. Pseudis paradoxa ana kiluwiluwi anayeweza kupita sentimita 20 kwa urefu, wakati chura wake mzima ana kama sentimita 7. Wakusanyaji wa kale waliopelekewa vielelezo kutoka Suriname, wakiona kikubwa na kidogo, walihitimisha kinyume: kwamba chura huanza akiwa chura, kisha hukua akawa samaki. Toleo la mwaka 1719 la kitabu cha mchoraji Maria Sibylla Merian, lililotoka baada ya kifo chake, lilionyesha mgeuko huo. Linnaeus alipompa jina la kisayansi mwaka 1758 alimwita Rana paradoxa, na fumbo likabaki ndani ya jina.

Kwetu tunaye mdogo wake kwa tabia, ingawa si kwa damu. Kassina senegalensis, chura mwenye mistari myeusi anayepiga mbio badala ya kuruka, ambaye mlio wake ni wa povu linalopasuka, ana kiluwiluwi mwenye mapezi ya mkia yaliyo juu sana, anayefika sentimita 8 hivi. Mzazi wake hafiki 5. Tofauti hutokana na kitu kimoja: mkia. Kiluwiluwi hauangushi mkia wake kama mjusi. Anaula kwa ndani.

Nirudi tumboni. Ukimlaza chali kiluwiluwi anayekwangua mimea, utauona utumbo kupitia ngozi, umejiviringisha mzunguko juu ya mzunguko, mrefu mara nyingi kuliko mwili. Majani na matope yana lishe kidogo, nayo yanahitaji safari ndefu. Mla nyama huwa na utumbo mfupi. Magharibi mwa Kenya yuko Hoplobatrachus occipitalis, chura mkubwa wa madimbwi, ambaye viluwiluwi wake huwinda viluwiluwi wa mbu na hata wa vyura wengine. Mtu akiuliza viluwiluwi wanafaa nini, wapo hao. Lakini nitaomba tusiwapime wanyama wote kwa idadi ya mbu wanaokula.

Kuhusu ladha yao wenyewe, suala hilo limechunguzwa pia. Mwaka 1971 Richard Wassersug alichapisha matokeo ya jaribio la Costa Rica ambapo watu waliojitolea, kwa ahadi ya bia, walionja viluwiluwi wa spishi kadhaa, ngozi kwanza, kisha mkia, kisha mwili. Mbaya kuliko wote alikuwa wa chura wa chunjua, mweusi, anayeishi wazi kwa makundi. Ndiyo kusema wale weusi wa barabarani hawajifichi kwa sababu hawana haja. Mwaka 2000 Wassersug alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Kutambua spishi kunahitaji pia kujua umri. Kenneth Gosner alitoa mwaka 1960 jedwali la hatua 46, kuanzia yai lililorutubishwa mpaka chura asiye na mkia, na mpaka leo watafiti hulitumia. Kwenye hatua ya 25 tundu la kutolea maji limekamilika. Kuanzia 26 vichipukizi vya miguu ya nyuma huonekana, kisha vidole hujitenga kimoja kimoja. Miguu ya mbele haikawii. Inakua wakati huo huo, lakini ndani ya ule mfuko wa matamvua, isionekane, mpaka hatua ya 42 inapochomoza, wa kushoto mara nyingi ukipitia tundu lenyewe. Mdomo husomeka vizuri katikati ya safari hiyo. Kabla yake safu hazijatimia, na baada yake huanza kudondoka.

Kinachomsukuma mnyama kutoka hatua hadi hatua ni homoni ya tezi ya shingoni, thairoidi. Mwaka 1912 Gudernatsch alieleza jinsi alivyowalisha viluwiluwi vipande vya tezi ya farasi, wakageuka kabla ya wakati, wakawa vyura wadogo mno. Homoni hiyo hiyo ndiyo inayohitaji ayodini ya kwenye chumvi yetu. Mwili unaoendeshwa na dozi ndogo kiasi hicho ni mwepesi kuvurugwa na kinachoingia majini, na katika nchi ya mahindi kinachoingia si siri. Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliripoti mwaka 2002 kwamba viluwiluwi wa Xenopus waliolelewa kwenye maji yenye atrazini, dawa ya kuua magugu shambani, hata kwa sehemu 0.1 kwa bilioni, walikomaa wakiwa na viungo vya uzazi vya kiume na vya kike pamoja. Watengenezaji walipinga. Shirika la mazingira la Marekani lilisema mwaka 2007 kwamba atrazini haiathiri ukuaji wa viungo hivyo vya amfibia. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuiondoa mwaka 2004, kwa sababu ya maji ya ardhini. Mimi si mwamuzi wa ugomvi huo. Nasema tu kwamba mtaro unaotoka kwenye shamba lililopuliziwa huishia mahali fulani, na Aprili, mwezi wa kupanda na kupulizia, ndio mwezi wa mayai.

Mdomo husema na habari nyingine. Kuvu wa ngozi, Batrachochytrium, aliyepewa jina mwaka 1999 baada ya vifo vya vyura Australia na Amerika ya Kati, hushambulia sehemu zenye keratini. Chura mkubwa ana keratini mwili mzima, kiluwiluwi anayo mdomoni peke yake. Kwa hiyo kiluwiluwi anaweza kumbeba kuvu huyo bila kufa, dalili ikiwa taya zilizopauka na safu zilizong'oka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulimkuta kuvu huyo sehemu nyingi za Kenya.

Pamoja na hayo yote, kiluwiluwi amepewa nafasi finyu makabatini. Luteni Kanali Hugh Stoneham alifungua makumbusho yake Kitale mwaka 1926, ya kwanza bara Kenya, akakusanya wadudu, ndege na mengine mpaka kifo chake mwaka 1966. Makumbusho ya taifa yaliyorithi hazina hiyo yalifunguliwa mwaka 1974. Wakusanyaji wa enzi hizo, hapa na kwingineko, walipenda chura mzima, anayekaa vizuri kwenye spiriti. Kiluwiluwi hunyauka humo, anataka formalini. Ilibidi tungoje mpaka 2012 ndipo Alan Channing, Mark-Oliver Rödel na Jenny Channing watoe kitabu kizima cha viluwiluwi wa Afrika kusini ya Sahara, na kichwa cha kitabu chenyewe kinasema ni wale wanaojulikana. Wengine hawatajulikana kamwe kwa kuwa hawapo: Arthroleptis hukamilisha ugeuko wake ndani ya yai ardhini, na chura wa Kihansi kule Tanzania huzaa vichura vilivyokamilika.

Kwa wanaobaki, vinasaba leo huweza kumlinganisha kiluwiluwi na mzazi wake, lakini njia ya zamani bado ni halali na mwalimu wa Kwanza anaweza kuifuata kwa gharama ya karai. Chota wachache wa aina moja kutoka dimbwi moja, pamoja na maji ya dimbwi hilo, si ya mfereji yenye klorini. Andika mahali, tarehe na hesabu ya safu za mdomo. Wakwanguaji wape sukuma wiki iliyochemshwa hadi ilegee. Wenye masharubu mawili wape unga laini sana wa majani makavu, kidogo, maji yasichache. Miguu ya mbele ikichomoza wataacha kula: taya zimedondoka, mdomo wa chura haujapasuka wote, utumbo unafupishwa, na chakula cha siku hizo ni mkia. Hapo punguza maji uweke jiwe lililojitokeza juu, kwa kuwa matamvua yanaondoka na chura mchanga asiye na pa kupanda huzama akafa. Ni Xenopus tu asiyelihitaji jiwe. Wavu juu ya karai, nao, uwe umefungwa kabla ya usiku huo.